Paneli, Boya na Mtungi wa Cirata

"Mjomba, kwani maji na umeme si maadui?"

Swali zuri hilo! Aliyeuliza apigiwe makofi. Nyumbani tumewaimbia tangu mkiwa wadogo: usiguse swichi kwa mikono iliyolowa, usipitishe waya karibu na beseni, usiingie bafuni na simu iliyo kwenye chaji. Mmetii, ahsanteni. Halafu leo mjomba anakuja na habari kwamba kuna watu wametandaza mitambo ya umeme juu ya bwawa, kwenye maji yenyewe, umeme unatoka, na samaki wanaogelea chini yake hawana habari. Mtoto asiyeuliza hapo mimi ningemshangaa.

Kaeni basi. Paukwa!

Pakawa yenu haina nguvu. Paukwa! Haya, sasa tunaweza kwenda.

Hapo zamani za juzi, kwa sababu hadithi hii si ya kale, palikuwa na mto uitwao Citarum. Unapita magharibi mwa kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Miaka ya 1980 watu wa huko waliuziba kwa ukuta mkubwa. Maji yakasimama nyuma ya ukuta, yakapanda, yakajaza mabonde, likawa bwawa. Bwawa hilo linaitwa Cirata, na wenyewe hulitamka Chirata. Ni hekta 6,200 za maji. Kisha wakachimba chini ya ardhi, wakaweka mitambo ya kufua umeme. Maji yanashuka kwa nguvu, yanazungusha mitambo, mitambo inafua umeme. Ikizunguka yote kwa pamoja inatoa megawati 1,008. Kidatu yetu, kule Morogoro, ina uwezo wa megawati 204. Kwa hiyo Cirata ni Kidatu tano kasoro kidogo.

Miaka ikapita. Bwawa likazoea maisha yake: wavuvi, vizimba vya samaki kwa maelfu, ndege, masika, kiangazi. Kisha likapata wageni. Wageni bapa, weusi, wanaong'aa, kila mmoja amelazwa juu ya boya. Alikuja mmoja, wakaja kumi, wakaja elfu. Wakaja, wakaja, mpaka wakapita 340,000. Tarehe 9 Novemba 2023 aliyekuwa rais wa Indonesia, Joko Widodo, akaenda kuzindua. Siku ile ndiyo ilikuwa sola kubwa kuliko zote zinazoelea katika Asia ya Kusini-Mashariki: megawati 192, umeme wa kutosha nyumba kama 50,000. Waliojenga ni shirika la umeme la Indonesia, PLN, pamoja na kampuni ya Masdar ya Abu Dhabi. Naam, watu wa jangwani walikwenda kujenga juu ya maji. Maji ni ya wenyeji, lakini jua wale wanalijua!

Rais akahutubia, waalikwa wakala, wakaondoka. Kesho yake asubuhi ugomvi ukaanza.

Paneli moja ya safu ya mbele kabisa ilipata mwanga wa kwanza wa siku ikaanza kujisifu.

"Mimi nakamata jua!" ikasema. "Nani mwingine humu anakamata jua? Mimi nakamata jua!"

Boya lililoibeba likajibu taratibu, "Mimi nipo tu. Naelea."

"Unaelea! Kuelea nako ni kazi? Hata kifuu cha nazi kinaelea. Hebu nikueleze mimi ni nani. Ndani yangu mna vipande vyembamba vya silikoni. Silikoni hutolewa kwenye mchanga, lakini si kazi ya kitoto. Mchanga unayeyushwa kwa joto kali, unasafishwa, unasafishwa tena, mpaka inapatikana silikoni safi kupindukia. Mwanga wa jua ukinigonga, unasukuma vitu vidogo mno vilivyo ndani ya silikoni. Vinaitwa elektroni. Nami nimetengenezwa hivi kwamba elektroni zikisukumwa, zinatembea upande mmoja tu. Zikitembea hivyo, huo ndio umeme. Sina gurudumu. Sina moshi. Sina kelele."

"Kelele unazo," boya likasema.

Hapa nasikia mtu wa nyuma anauliza: "Mjomba, nani aligundua kwamba mwanga unaweza kutoa umeme?" Umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu jibu lake litakufurahisha. Ni kijana wa Kifaransa, Edmond Becquerel, mwaka 1839. Alikuwa na umri wa miaka 19, anafanya majaribio katika maabara ya baba yake. Aliona kwamba kifaa chake kikiangukiwa na mwanga, umeme unatokea. Wakubwa wakashangaa, kisha wakaendelea na shughuli zao. Ikabidi dunia ingoje hadi 1954, ndipo maabara ya Bell nchini Marekani ilipoonyesha kipande cha silikoni kilichogeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme. Paneli nzuri za siku hizi hupita asilimia 20. Miaka 19, wanangu! Mtu akikwambia wewe bado mdogo, unaulizauliza nini, mtajie huyo.

Turudi bwawani.

Saa ikapita, saa ikaja. Jua la Java likafika utosini. Paneli ikaanza kuhema.

"Joto," ikasema.

"Nimekusikia," boya likasema.

"Mimi napenda mwanga. Sipendi joto."

"Mjomba, jua na joto si kitu kimoja?" Kwa ngozi yako, karibu ni kitu kimoja. Kwa paneli, la. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzijoto 25. Kila nyuzi inayozidi hapo inapunguza umeme kidogo, chini ya nusu asilimia. Utasema hiyo ni kidogo, si kitu. Hesabu kwanza. Juu ya paa la bati, saa sita mchana, paneli inaweza kufika nyuzi 65. Hizo ni nyuzi 40 za ziada. Umeme wake umepungua kama sehemu moja ya saba, na saa hiyo ndiyo jua linawaka kuliko saa zote! Ndiyo maana fundi mzuri wa sola haibandiki paneli kwenye bati moja kwa moja. Anaiinua kidogo ili upepo upite chini yake. Mkirudi nyumbani chunguzeni paa la jirani mwenye sola, mtaona ile nafasi.

Bwawani upepo hauna nyumba wala mti wa kuuzuia. Unakuja umeteleza juu ya maji, umepoa.

"Unasikia ubaridi mgongoni?" boya likauliza.

"Nausikia."

"Nimekuinua upande mmoja nikaacha nafasi. Upepo unapita hapo kati yako na maji. Mimi nipo tu. Naelea."

Wauzaji wengine wa mitambo hii husema ubaridi huo unaongeza umeme mwingi ajabu. Msiwaamini wote. Mara nyingi nyongeza ni asilimia chache, na inategemea upepo wa mahali na umbo la boya. Lakini asilimia chache za paneli 340,000 si haba.

Mara akaja ndege. Akatua, akafanya jambo lake, akaruka akaenda zake. Likabaki tone jeupe juu ya kioo.

Msicheke! Tone lile ni tatizo kweli. Ndani ya paneli vile vipande vya silikoni vimeungwa kwa mstari, kila kimoja kinampokeza mwenzake umeme. Kimoja kikifunikwa, mstari mzima unadhoofika. Kivuli kidogo kinaleta hasara kubwa kuliko kivuli chenyewe.

"Nani atakuja kuniosha?" paneli ikalalama. "Niko katikati ya maji!"

"Tulia," boya likasema. "Unaona ndugu zangu wale wapana, wasiobeba paneli? Wamejipanga mstari, wakawa njia. Fundi anavaa jaketi la kuokolea maisha, anatembea juu yao mpaka hapa. Maji ya kukuogesha yako chini ya miguu yake."

Paneli ikanyamaza kidogo. Ikajisikia vibaya kwa yale maneno ya kifuu cha nazi.

"Ndugu boya," ikasema, na mnaona sasa imekuwa ndugu, "wewe umetengenezwa na nini?"

"Plastiki ngumu, ukoo mmoja na madumu ya kuchotea maji. Ndani nina hewa. Nimechanganywa na dawa ya kunikinga, kwa sababu jua hili unalolikamata wewe, mimi linanichakaza. Natakiwa nidumu miaka 20 na zaidi. Nikipasuka, tunazama wote."

"Na hatuendi na maji kwa nini?"

"Kuna nanga chini kabisa, na kamba zinazotufunga nazo. Hiyo ndiyo hesabu ngumu kuliko zote humu. Masika bwawa linapanda, kiangazi linashuka. Kamba ikiwa fupi, maji yakijaa inatuvuta chini tuzame. Ikiwa ndefu mno, maji yakipungua tunatangatanga tugongane. Watu walipima sakafu ya bwawa kwanza, ndipo wakakata kamba."

Na sasa nimjibu yule wa swali la kwanza, maana amesubiri kwa adabu. Kwa nini samaki hapigwi na umeme? Kwa sababu nyaya za sola zimevikwa ngozi mbili za plastiki ngumu, na viungo vyake vimezibwa maji yasipenye. Nyingi hazilazwi majini. Zinapita juu ya maboya. Na mitambo inapima saa zote. Umeme ukivuja popote, unakatwa. Kwa hiyo maji na umeme bado si marafiki, mpwa wangu. Wanakaa nyumba moja, lakini kati yao kuna ukuta, na mlinzi yuko macho. Wewe nyumbani huna mlinzi huyo, endelea kukausha mikono.

Jioni ikafika. Jua likazama nyuma ya milima. Paneli ikakata kauli. Megawati 192 zikawa sifuri. Sifuri kabisa! Na hapo ndipo mama wa Java anawasha taa, baba anawasha feni, watoto wanawasha televisheni.

"Mjomba, sasa watu wanatumia nini?"

Hili ndilo nililotaka kufika tangu mwanzo. Yale mengine yote yalikuwa safari ya kuja hapa.

Fikirini mtungi wa maji wa bibi, ule unaokaa kwenye kona, na kata yake na kifuniko chake. Asubuhi umejaa. Mchana kutwa kila mtu anachota. Huyu anakunywa, huyu anapikia, huyu ananawa. Magharibi ikiingia, kata inagonga chini, ko ko ko. Usiku mtoto anaamka ana kiu. Mtungi mtupu.

Sasa mfikirini jirani mkarimu. Kila siku, kuanzia asubuhi hadi jioni, analeta ndoo ya maji mlangoni. Usiku haji kabisa, amelala. Mtafanya nini? Mchana mtatumia maji ya jirani, na mtungi mtauacha na kifuniko chake. Usiku jirani akilala, mnafunua mtungi. Umejaa!

Bwawa ni mtungi. Jua ni jirani. Wakati paneli zinafanya kazi, msimamizi wa bwawa anaweza kupunguza maji yanayoteremka kwenye mitambo. Maji yanabaki bwawani. Jua likizama, anafungulia. Na si usiku tu. Wingu likipita mchana, jirani anasimama njiani na ndoo yake, umeme wa paneli unashuka ghafla. Mitambo ya maji ina sifa moja nzuri sana: ikifunguliwa, baada ya dakika chache tu inazunguka kwa nguvu zote. Kata ipo tayari mkononi.

Watu wa Thailand wameufanya ushirika huo waziwazi. Kwenye bwawa la Sirindhorn, mashariki mwa nchi yao, mitambo ya maji ni megawati 36. Mwaka 2021 wakaongeza paneli zinazoelea za megawati 45, na vyote viwili vinaendeshwa kama kitu kimoja: jua mchana, maji usiku. Wameweka hata njia ya juu ya kutembelea, watu wanakwenda kupiga picha.

Na kifuniko je? Mtungi usio na kifuniko unapoteza maji bila mtu kuchota. Jua linayanywa, upepo unayabeba. Bwawa nalo ni hivyo hivyo, tena vibaya zaidi, kwa sababu mdomo wake ni kilomita na kilomita. Paneli zikifunika sehemu ya maji, sehemu ile inapata kivuli na upepo hauigusi sana. Maji yanayopotea yanapungua. Ndipo boya lile lililosema "mimi nipo tu, naelea" linapokuwa limefanya kazi mbili: limebeba paneli na limefunika mtungi.

Usiku ule, bwawa likiwa limenyamaza, paneli ikanong'ona, "Ndugu boya, maji yameanza kushuka kwenye mitambo."

"Nayasikia."

"Ni yale tuliyoyatunza mchana?"

"Ni yale yale. Lala sasa, kesho una kazi."

Wapo wengine waliofika majini kwa sababu zao. Nitawataja haraka, msije mkasinzia. California, Marekani, shamba moja la mizabibu katika bonde la Napa liliweka paneli juu ya bwawa lake la kumwagilia mwaka 2008, kwa sababu halikutaka kung'oa mizabibu kupisha paneli. Singapore ni nchi ndogo, ardhi yake inahesabiwa kwa hatua. Mwaka 2021 wakaweka paneli 122,000 juu ya hifadhi ya maji ya Tengeh, eneo la viwanja 45 vya mpira. Umeme wake unatosha kuendesha mitambo ya kusafisha maji ya kunywa ya nchi.

Ninaowapenda zaidi ni wa Huainan, China. Hapo palichimbwa makaa ya mawe miaka mingi. Chini pakabaki patupu, ardhi ikatitia, mashamba yakazama, mvua ikajaa, likawa ziwa. Nani atalima ziwa? Mwaka 2017 wakatandaza hapo paneli za megawati 40. Sasa juu ya shimo la makaa unatoka umeme usio na moshi. Hadithi kama hiyo mtu angeitunga, tungesema ametia chumvi.

Lakini msidhani kila siku ni Idi. Huko Japani, kwenye bwawa la Yamakura mkoani Chiba, palikuwa na paneli zaidi ya 50,000. Septemba 2019 kimbunga kikapiga. Nanga zikang'oka. Upepo ukazibeba paneli, ukazirundika moja juu ya nyingine, nyaya zikabanwa, moto ukawaka. Moto, juu ya maji! Picha zake zilizunguka dunia nzima. Tangu hapo, anayejenga popote anaulizwa kwanza habari za nanga. Mnakumbuka boya lilivyosema hiyo ndiyo hesabu ngumu kuliko zote? Halikuwa linajidai.

"Mjomba, na sisi je?"

Nilikuwa nangoja hilo. Afrika imeanza: Ghana wana paneli za megawati 5 zinazoelea kwenye bwawa la Bui. Kwetu Tanzania mabwawa tunayo. Tuchukue Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Likijaa lina kilomita za mraba zipatazo 600. Ni pana, si la kina kirefu, na liko kwenye nchi ya jua kali na upepo. Yaani mtungi wenye mdomo mpana, umewekwa uani saa sita mchana, bila kifuniko! Maji ya Mtera yanafanya kazi mara mbili: yanafua umeme pale pale, kisha yanateremka na mto hadi Kidatu yanafua tena. Yalipopungua, mikoa mingi ililia. Waulizeni wazazi wenu kuhusu mwaka 2006 na mwaka 2011. Mvua zilikataa, bwawa likapungua mno, mgao wa umeme ukaingia, tukasoma kwa vibatari na jenereta zikanguruma mitaani.

Tufanye hesabu ndogo. Sehemu moja tu kati ya mia ya Mtera ni kilomita za mraba 6, yaani hekta 600. Paneli za Cirata zimechukua hekta zisizofika 300. Kwa hiyo sehemu moja kati ya mia ya Mtera ni zaidi ya Cirata mbili. Na nguzo kubwa za umeme zipo tayari pale, hakuna haja ya kuanza kuzijenga upya. Hilo la nguzo watu hulisahau, kumbe ni fedha nyingi.

Sasa wapinzani waje, maana wapo na wana haki. Wa kwanza ni mhasibu. Anasema maboya na nanga vina gharama, na Dodoma ina ardhi kavu tele. Kweli kabisa. Penye ardhi ya wazi isiyolimwa, paneli za nchi kavu ni rahisi zaidi. Wa pili ni bwawa lenyewe. Mtera likishuka, maji yanarudi nyuma sana na kuacha tope. Boya lililokaa pabaya litajikuta limelala matopeni linaangalia mbuzi. Wa tatu ni kiboko. Yeye hasomi vibao vya onyo, na sijui kama mbunifu wa Java alimfikiria.

Wa nne ni mvuvi, na huyu tumsikilize kuliko wote. Samaki wanategemea mimea midogo ya majini, nayo inataka mwanga. Ukilifunika bwawa lote, umemnyima samaki chakula na mvuvi riziki. Cirata wamefunika chini ya sehemu moja ya ishirini, na hata hivyo bwawa lile lina watu wanaoishi kwa vizimba vyao vya samaki. Mimi nasema mvuvi aulizwe kabla nanga haijazama. Yeye ndiye anajua samaki wanazalia wapi, upepo wa alasiri unatoka upande gani, na maji yanafika wapi mwaka wa njaa. Mhandisi akimdharau mzee wa mtumbwi, atalipa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama sola ya kuelea ifike Mtera, jibu langu ni ndiyo, kwa kuanza na kipande kidogo, mahali pa kina, karibu na ukuta, tupime miaka kadhaa.

Na kupima mnaweza kuanza nyie kesho. Tafuteni mabeseni mawili ya ukubwa mmoja. Yajazeni maji sawasawa, mpime kina kwa rula, mwandike. Moja liacheni wazi. Juu ya jingine wekeni vifuniko vya plastiki vya ndoo vielee mpaka nusu ya maji ifunikwe. Yawekeni uani juani, mbali na kuku na mbali na mdogo wenu anayetambaa. Jioni pimeni, keshokutwa pimeni tena. Mtaona wenyewe beseni lipi limeibiwa zaidi na jua. Kisha nileteeni daftari nilisome, na maji yatakayobaki msiyamwage, mwagilieni mchicha wa bibi.